Vifaa vya mazoezi ya kupumua

Vifaa vya mazoezi ya kupumua ni zana ambazo mwanamichezo hutumia kurahisisha upumuaji wake au kuuwekea uzito, kwa lengo la kuongeza uwezo wake katika michezo ya ustahimilivu. Michezo hiyo ni ile inayodumu kwa dakika nyingi au saa kadhaa, kama vile mbio ndefu, mbio za baiskeli, kuogelea na kupiga makasia. Aina zinazojulikana zaidi ni tatu: vifaa vya kuimarisha misuli ya kuvuta hewa, barakoa za mazoezi na vibandiko vya pua.

Faida za aina hizo hazilingani. Vifaa vya kuimarisha misuli vimeonyesha manufaa kiasi katika tafiti kadhaa, lakini barakoa hazileti hali ya mlimani kama inavyodaiwa mara nyingi. Jambo hilo ni muhimu kwa wakimbiaji wa miji ya mwinuko wa kati, kama Mwanza na miji mingine ya pwani ya Ziwa Viktoria.

Upumuaji wakati wa mazoezi

Mtu mzima aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa kasi, kiasi hicho hupita lita 100, na kwa wanamichezo hodari huweza kupita lita 150. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli iliyo kati ya mbavu. Kama misuli ya miguu, nayo huhitaji damu na oksijeni, tena huchoka.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, Marekani, walionyesha kwamba katika mazoezi ya nguvu ya juu kabisa misuli ya kupumua huweza kuchukua takriban asilimia 14 hadi 16 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Inapochoka, mwili hubana mishipa ya damu ya miguuni ili damu iende zaidi kifuani. Hapo miguu huchoka mapema. Hii ndiyo sababu kuu ya kufikiri kwamba kuimarisha misuli ya kupumua kunaweza kumsaidia mkimbiaji.

Hata hivyo, kwa watu wengi wenye afya mapafu si kikwazo cha kwanza. Kikwazo kikubwa zaidi kwa kawaida ni kiasi cha damu ambacho moyo unaweza kusukuma, pamoja na kiasi cha hemoglobini kilichomo katika damu hiyo. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli.

Aina za vifaa

Vifaa vya kuimarisha misuli ya kuvuta hewa

Hivi ni vifaa vidogo vya kushika mkononi, vyenye mdomo wa plastiki na valvu inayozuiliwa na springi. Valvu haifunguki mpaka mtumiaji avute hewa kwa nguvu ya kutosha. Springi ikikazwa, kazi huwa ngumu zaidi, kama vile kuongeza uzito kwa mtu anayenyanyua vyuma. Utaratibu uliozoeleka ni kuvuta pumzi 30 mara mbili kwa siku, kwa ukinzani wa takriban nusu ya nguvu kubwa kabisa ambayo mtu anaweza kuvuta, kwa wiki kadhaa. Mazoezi haya hufanywa mtu akiwa amekaa au amesimama, si wakati wa kukimbia.

Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusu wanawake 14 wapiga makasia wa mashindano. Baada ya wiki 11, waliotumia kifaa chenye ukinzani wa kweli waliongeza umbali waliopiga makasia kwa dakika 6 kuliko waliopewa ukinzani mdogo mno. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2012 yalikubali kwamba mazoezi haya huongeza ustahimilivu, na kwamba wasio na mazoezi mengi hufaidika zaidi kuliko mabingwa.

Barakoa za mazoezi

Barakoa hizi hufunika pua na mdomo na zina matundu yanayoweza kupunguzwa. Mara nyingi huuzwa kwa madai kwamba humweka mvaaji katika hali ya mlima mrefu. Dai hilo linachanganya mambo mawili. Mlimani kanieneo ya hewa hupungua, hivyo kila pumzi huwa na oksijeni kidogo zaidi. Barakoa haibadilishi kanieneo ya hewa. Hufanya tu iwe vigumu kuivuta, na humrudishia mvaaji sehemu ndogo ya hewa aliyokwisha kuitoa.

Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–La Crosse uliochapishwa mwaka 2016, watu 24 walifanya mazoezi makali ya baiskeli kwa wiki 6, baadhi wakiwa na barakoa na wengine bila barakoa. Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa juu wa kutumia oksijeni, na tofauti kati yao haikuwa ya maana kitakwimu. Hemoglobini haikuongezeka kwa waliovaa barakoa. Faida ndogo zilizoonekana kwao zilifanana na zile za kuzoeza misuli ya kupumua.

Vibandiko vya pua

Vibandiko hivi vilienea kuanzia miaka ya 1990. Ni utepe wenye vipande vinavyonyumbuka, unaobandikwa juu ya pua ili kuvuta kuta zake nje na kupanua njia ya hewa. Mtu aliyeziba pua hupata nafuu. Lakini mkimbiaji anapoongeza kasi huanza kupumua kwa mdomo pia, hivyo upana wa pua hauna uzito mkubwa tena. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2021 hayakuona kwamba vibandiko huongeza uwezo wa juu wa kutumia oksijeni.

Mwinuko wa Mwanza na wa nyanda za juu

Hewa ina takriban asilimia 21 ya oksijeni kila mahali, pwani ya bahari na kileleni mwa Kilimanjaro. Kinachobadilika ni kanieneo. Kwenye usawa wa bahari ni hektopaskali 1,013 hivi. Mwanza, iliyo mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, ni takriban 885. Iten nchini Kenya, penye mita 2,400 hivi, ni takriban 760.

Mtu anapokaa kwa wiki tatu au nne kwenye mita 2,000 hadi 2,500, figo zake hutoa zaidi homoni ya erithropoetini, na mwili huongeza seli nyekundu za damu. Mwinuko wa Mwanza ni mdogo kwa kazi hiyo. Ndiyo maana wakimbiaji wengi hupiga kambi nyanda za juu. Barakoa inayovaliwa kwa saa moja haiwezi kuchukua nafasi ya kambi hizo, kwa kuwa mwili hujibu upungufu wa oksijeni unaodumu kwa saa nyingi kila siku.

Hata hivyo, kuzaliwa kando ya ziwa si kizuizi cha ubingwa. Suleiman Nyambui, aliyezaliwa mwaka 1953 huko Majita katika Mkoa wa Mara, alishinda medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Baadaye alishinda Marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988.

Kanda ya Ziwa ina michezo mingi ya ustahimilivu. Mwanza huandaa mbio za Rock City Marathon, zilizopewa jina kutokana na mawe makubwa ya mji huo. Mbio za baiskeli hupendwa sana, na mashindano ya mitumbwi yamefanyika Mwanza, Ukerewe na Musoma. Mpiga kasia huinama na kukaza tumbo kila anapovuta kasia, hivyo kiwambo chake hubanwa huku kikihitajika kuvuta hewa.

Afya na usalama

Kijana anayehema kupita kiasi au kuchoka mapema haonyeshi lazima udhaifu wa misuli ya kupumua. Anaweza kuwa na pumu, kifua kikuu au upungufu wa damu. Katika vijiji vya kando ya ziwa, malaria, minyoo ya safura na kichocho cha tumbo ni sababu za kawaida za upungufu wa damu, na mtu huambukizwa kichocho kwa kuogelea au kusimama majini. Hemoglobini ikipungua, oksijeni inayofika miguuni hupungua pia, na hakuna kifaa cha kupumua kinachoziba pengo hilo. Kipimo cha damu na matibabu humsaidia mwanamichezo wa namna hiyo kuliko barakoa yoyote. Vilevile kikohozi cha wiki mbili au zaidi huhitaji kupimwa kifua kikuu.

Vifaa vya kuvuta hewa kwa ukinzani havifai kwa mtu aliyewahi kupata hewa nje ya pafu, aliyepasuka ngoma ya sikio au aliyefanyiwa upasuaji wa kifua karibuni, mpaka aruhusiwe na daktari. Mwenye pumu naye hupaswa kupata ushauri kwanza. Kifaa kinachotiwa mdomoni hakiazimwi, na huoshwa kila baada ya matumizi. Anayepata kizunguzungu au maumivu ya kifua akiwa amevaa barakoa anapaswa kuivua na kupumzika.

Kanuni za michezo

Vifaa vya kuzoeza misuli ya kupumua na vibandiko vya pua havimo katika orodha ya mambo yaliyopigwa marufuku na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli. Lakini erithropoetini inayodungwa kwa sindano imepigwa marufuku, ingawa ile inayotengenezwa na mwili wenyewe mlimani ni halali.

Tazama pia

Mapafu
Hemoglobini
Marathoni
Kichocho
Mwanza (mji)
Ziwa Viktoria