Waliosimama Mbele ya Liemba

Mwaka 1872, ndani ya studio ya London Stereoscopic Company jijini London, Henry Morton Stanley alisimama mbele ya kamera akiwa na nguo zake za safari, kofia ya jua kichwani na bunduki mkononi. Pamoja naye alipigwa picha mtoto wa Kiafrika aliyeitwa Kalulu. Hapakuwa na Ziwa Tanganyika wala mwembe wa Ujiji, mji wa mwambaoni alikomkuta mpelelezi David Livingstone. Palikuwa na sakafu ya studio na mandhari ya kutengenezwa. Picha hizo zilichapwa kwenye kadi ndogo na kuuzwa. Enzi hizo familia nyingi za Uingereza zilikuwa na desturi ya kununua kadi za watu mashuhuri na kuzichomeka kwenye albamu ya nyumbani, pamoja na picha za bibi na wajukuu. Hivyo ndivyo Ujiji ilivyoingia sebuleni mwa watu ambao hawakuwahi kuiona.

Siku ya tukio lenyewe Ujiji haikupigwa picha. Stanley aliandika kwamba alikutana na Daktari David Livingstone tarehe 10 Novemba 1871, na hakuwa na kamera. Aliibeba katika safari yake iliyofuata, mwaka 1874. Ile picha tunayoijua, ya wanaume wawili wakisalimiana kwa kuinua kofia, ni mchoro uliotolewa London kwa maelezo yake Stanley. Mchoraji hakuwepo. Aliyekuwepo ni Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye ndiye aliyetangulia kumlaki mgeni kwa salamu ya Kiingereza, kisha akakimbia kumpasha habari bwana wake. Walikuwepo Waarabu na Waswahili wa mji, wenyeji Wajiji, wapagazi waliotembea kutoka Bagamoyo, na watu waliofikishwa Ujiji kama bidhaa, wakisubiri kupelekwa pwani. Mchoro uliwafanya wote kuwa watu wa nyuma.

Kalulu alikuwa mmoja wa waliofanywa bidhaa. Stanley alipewa mtoto huyo Tabora, kama zawadi kutoka kwa mfanyabiashara Mwarabu, akaenda naye Ulaya na Marekani. Kalulu alihudhuria mazishi ya Livingstone katika kanisa la Westminster Abbey, Aprili 1874. Sanamu yake ya nta iliwekwa katika jumba la Madame Tussaud, mahali ambapo familia za London zililipa kiingilio ili zijifurahishe kwa kutazama watu wa ajabu na watu maarufu. Machi 1877, akiwa bado kijana mdogo, alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo, akiwa kwenye msafara wa Stanley. Ana picha nyingi kuliko mtoto yeyote wa Unyanyembe wa wakati wake, wala hakuna hata moja iliyopigwa ili mama yake aione.

Susi naye alipigwa picha Uingereza. Yeye na mwenzake James Chuma walikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani, na mwaka 1874 walialikwa huko kusaidia kueleza shajara za marehemu. Katika picha iliyopigwa mwaka huo Newstead Abbey, nyumba ya rafiki zake Livingstone, wameketi pamoja na watoto wa marehemu, Agnes na Thomas, na makaratasi ya safari mbele yao. Ni picha ya msiba, na ni picha ya familia pia. Katika bustani ya nyumba hiyo Susi na Chuma waliwajengea wenyeji wao mfano wa kibanda alimofia Livingstone, kwa miti na nyasi, ili waone kwa macho yao jinsi mzee alivyomaliza siku zake. Nimekawia kwa Kalulu, Susi na Chuma kwa sababu ndio wanaoonyesha jinsi mwambao huu ulivyoanza kuwa ukumbusho wa familia za mbali, kabla familia za hapa hazijapata kumbukumbu zao.

Reli ndiyo iliyobadili mambo. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Wajerumani, watawala wa wakati huo, waliichagua Kigoma, iliyokuwa kijiji tu, na kuiacha Ujiji kilometa chache kusini, kwa kuwa ghuba ya Kigoma ina maji ya kina yanayofaa meli kubwa. Ujiji, iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara kwa miongo mingi, ikawa mji wa pembeni. Kwa reli hiyo zikaja sehemu za meli Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Mafundi watatu wa kiwanda hicho walikuja nayo kuiunganisha ufukweni. Ilishushwa majini Februari 1915, ikiwa na urefu wa zaidi ya meta 71, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imeshapamba moto.

Haikudumu. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha waliipaka grisi mitambo yake, na grisi hiyo ndiyo iliyoiokoa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali inafaa, na Mei 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mwaka huohuo wa 1927, Ujiji, palipokuwa na mwembe wa Livingstone, paliwekwa mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika iliyokatwa na msalaba. Katika mwaka mmoja, basi, mwambao ulipata mahali pawili ambapo watu wa vizazi vilivyofuata wangesimama, wakanyoosha nguo zao na kumtazama mpiga picha.

Hapo historia inaruka ng'ambo kwa namna ambayo wengi wa Kigoma hawajaisikia. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa riwaya The African Queen, iliyotokana na vita vya ziwa hili. Manowari ya Kijerumani iliyomo mara nyingi hutajwa kuwa imechukua sura ya Götzen. Mwaka 1951 John Huston aliitengenezea filamu, sehemu yake ikipigwa Kongo na Uganda, pamoja na Butiaba kwenye Ziwa Albert. Halafu tarehe 17 Julai 1955 Walt Disney alifungua bustani ya burudani ya Disneyland huko California. Moja ya michezo yake ya siku ya kwanza ilikuwa safari ya mashua iitwayo Jungle Cruise, na mbunifu wake Harper Goff aliichukua sura ya mashua hizo kutoka katika filamu ya Huston. Familia hupanda, mashua hufuata njia iliyofichwa chini ya maji, viboko wa mitambo huibua vichwa, baba hupiga picha. Kampuni ya Kodak ilikuwa mdhamini wa bustani hiyo tangu mwanzo. Watu wasiohesabika wana picha hizo kabatini: watoto wenye aiskrimu, mama mwenye miwani ya jua, paa la turubai juu yao. Ni kumbukumbu za kweli za upendo wa kweli, wala sioni sababu ya kuzidharau. Ila nyuma kabisa ya turubai hilo kuna meli ya Kigoma, na wakati picha hizo zikipigwa, meli yenyewe ilikuwa kazini ikipakia dagaa.

Kwa miaka mingi Liemba iliondoka Kigoma siku ya Jumatano, ikishuka kusini hadi Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi vya njiani havina gati. Meli ilipiga honi, ikasimama maji makuu, na mitumbwi ikaja mbio kutoka ufukweni, ikigombania ubavu wake, abiria wakishuka kwa mikono ya watu wasiowajua, mtoto akitupiwa mjomba, gunia la muhogo likifuata. Hakuna bustani ya burudani inayoweza kutengeneza kitu kama hicho, maana aliyekosea kukanyaga alianguka ziwani kweli, na ziwa hili lina kina cha zaidi ya meta 1,400. Picha zilizopigwa kwenye meli hiyo mara nyingi zilipigwa kabla ya safari, gatini, watu wakiwa bado wasafi: maharusi wanaopelekwa Kipili, mwanafunzi na sanduku lake la bati, bibi aliyesindikizwa na ukoo mzima. Likizo ya watu wetu wengi ilikuwa hiyo, kwenda kwa jamaa. Anayekwenda kumwona shangazi huiita safari, na safari ilistahili picha.

Studio nayo ilikuwa na lugha yake. Desturi ya kupigwa picha studio ilikuja kutoka pwani. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Mombasa N. V. Parekh alifungua yake mwaka 1942. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor. Karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha wa miaka ya baadaye walichora mapazia ya meli kubwa, ndege na majumba ya ghorofa, na mtu aliyekuja mjini kwa shughuli zake alirudi na picha akiwa anapanda ndege. Wapo waliowacheka watu hao. Mimi nawaona ni ndugu wa yule Stanley wa 1872: naye alisimama London mbele ya Afrika ya kutengenezwa. Tofauti ni kwamba mteja wa Likoni hakumdanganya mtu. Kila aliyeipokea picha alijua ni pazia, akafurahia ndoto ya mwenzake.

Bara, kufuata reli, studio ziliota mijini, na siku zake kubwa zilikuwa sikukuu. Katika mji wa Waislamu wengi kama Ujiji, Idi ndiyo iliyokuwa siku ya matembezi: watoto wanavalishwa nguo za kitambaa kimoja, wanapewa sarafu, wanapita nyumba kwa nyumba, na wazazi wenye uwezo wanawapeleka kupiga picha. Filamu ilikuwa ghali na yenye nafasi chache, hivyo mpiga picha hakubahatisha. Aliwapanga: mzee kwenye kiti, mama kando, mkubwa nyuma na mkono begani, mdogo ameketi mbele akikatazwa kucheka. Mwenye saa alikunja mkono ili ionekane. Picha nyeusi na nyeupe ilisafishwa hapohapo, katika chumba cha giza. Ya rangi ilingoja kupelekwa mji mkubwa, ikarudi baada ya majuma, na familia ikakaa na hamu hiyo muda wote. Kisha nakala zikasafiri: moja Bujumbura, moja Kalemie, moja Dar es Salaam, nyuma yake yameandikwa maneno ya ukumbusho kwa mwandiko wa mtoto wa shule aliyeaminiwa kazi hiyo.

Albamu ya familia iliyojulikana zaidi kutoka mwambao huu, hata hivyo, ni ya wageni. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika msitu wa Gombe, karibu na Kigoma, tarehe 14 Julai 1960 pamoja na mama yake, Vanne, kwa kuwa wakuu hawakukubali msichana akae msituni peke yake. Kabla ya hapo walikwama Kigoma, mji ukiwa umejaa Wabelgiji waliokimbia Kongo, na Jane na mama yake wakasaidia kuwatengenezea sandwichi. Mwaka 1961 alikuja mdogo wake, Judy, na kamera. Mwaka 1962 akaja Hugo van Lawick, mpiga picha aliyekuja kuwa mume wake. Mtoto wao alikulia ufukweni hapo. Dunia iliona picha za mama na mtoto, na za sokwe Flo na wanawe, ambao nao walipigwa picha kama ukoo, mama na watoto, kizazi hadi kizazi. Walioongoza njia, waliopika na baadaye kuandika kumbukumbu za kila siku za sokwe hao, akina Rashidi Kikwale, Dominic na Hilali Matama, wamo vitabuni, lakini nyuso zao zilizunguka dunia kwa uchache.

Meli ileile ya matembezi ilibeba pia watu waliopoteza albamu. Mwaka 1997 Liemba ilirudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000 wa Kongo, ikipishana kati ya Kigoma na Uvira. Mei 2015 ilitumwa Kagunga, kijiji cha mpakani kilichofurikiwa na makumi ya maelfu ya Warundi, ikawaleta Kigoma takriban 600 kwa kila safari. Wengi walipelekwa kambi ya Nyarugusu. Waandishi wa habari wa dunia walipiga picha sitaha ikiwa imejaa. Ukiziweka picha hizo kando ya zile za maharusi wa Kipili, ukingo wa chuma ni uleule na pembe ya sitaha ni ileile. Mwenye kukimbia usiku huchukua mtoto, sufuria, pengine vyeti. Picha ya Idi ya mwaka fulani hubaki ukutani.

Siku hizi wanaokwenda Ujiji hukuta makumbusho, na humo sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana. Wanafunzi wa shule na familia zilizokuja likizo husimama katikati yao, simu ikainuliwa, kisha wakaelekea ufukwe wa Katonga kuoga na kula mgebuka. Liemba ilikaa miaka kadhaa bila kusafiri, ikisubiri kutengenezwa, na bado watu walipiga picha wakiipa mgongo.

Ningependa makumbusho hayo yawe na ukuta mmoja wa picha za familia za Ujiji na Kigoma zenyewe: za studio, za gatini, za stesheni, hata zilizoliwa pembeni na mchwa. Kazi hiyo haihitaji wataalamu kuianza. Inahitaji mjukuu aketi na bibi yake, albamu ikiwa mapajani, na kila picha iandikwe nyuma: nani, wapi, Idi ya mwaka gani, nani alikuwa amemshika mtoto. Iandikwe taratibu, na kwa kalamu ya risasi, maana wino huvuja ukafika upande wa sura.