Enzi ya Dansi Isiyopigwa Picha

Tarehe 22 Septemba 1974 lilianza mjini Kinshasa tamasha la muziki la siku tatu, lililopangwa kutangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano lilisogezwa hadi 30 Oktoba baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho mazoezini, lakini muziki haukungoja. James Brown na B.B. King walikuja kutoka Marekani, Miriam Makeba alikuwapo, na wenyeji walipanda jukwaani kwa zamu: Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti. Mtengenezaji filamu Leon Gast alirekodi yote hayo, kisha mikanda yake ikakwama katika migogoro ya fedha na ya kisheria kwa miaka 22, hadi filamu ya When We Were Kings ilipotoka mwaka 1996 na kutwaa tuzo ya Oscar. Humo Ali anaonekana kwa ukubwa wake wote na James Brown anatokwa jasho mbele ya kamera. Franco na Tabu Ley, ambao mji ule ulikuwa ukicheza nyimbo zao usiku kucha, wanapita tu kama wapita njia. Soul Power, filamu ya mwaka 2008 iliyotokana na mikanda ileile, iliwaongezea nafasi kidogo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2017 ndipo ikatoka albamu ya wasanii wa Afrika waliopiga siku zile, na hiyo ilikuwa sauti peke yake. Yaliyotokea Kinshasa yanaonyesha jinsi filamu za makala za muziki zinavyozaliwa: historia inayosimuliwa hufuata kamera ilikoelekezwa, na kamera huelekezwa na aliyelipia mkanda.

Miaka hii filamu za aina hiyo zimestawi kuliko wakati wowote, na nyingi zinatokana na mkanda uliosahaulika. Summer of Soul ya mwaka 2021 ilitokana na picha za saa 40 hivi za tamasha la Harlem la mwaka 1969, zilizokaa miaka 50 bila umma kuziona. Iliyo karibu zaidi nasi ni Soundtrack to a Coup d'Etat ya Mbelgiji Johan Grimonprez, iliyotoka mwaka 2024. Kwa dakika 150 inafuatilia kuangushwa na kuuawa kwa Patrice Lumumba huku muziki ukishikilia uzi wa hadithi. Louis Armstrong anafika Léopoldville Oktoba 1960, akiwa katika ziara iliyogharimiwa na serikali ya Marekani, wakati Lumumba amezingirwa na askari nyumbani kwake. Abbey Lincoln na Max Roach wanaingia na wenzao katika Baraza la Usalama Februari 1961 na kuvuruga kikao kwa uchungu wa mauaji yale. Ni kazi kubwa, na ushahidi wake unauma. Thamani yake kwangu ni kwamba inautumia wimbo kama hati ya kihistoria. Hata hivyo jazi ya Marekani ndiyo yenye uzito zaidi ndani yake, kwa sababu jazi ndiyo iliyopigwa picha, tena kwa wingi na kwa ubora. Rumba ya Kongo imo, lakini wimbo kama Indépendance Cha Cha, ambao Joseph Kabasele na African Jazz waliuimba Brussels mwanzoni mwa mwaka 1960 wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara, ungeweza kubeba filamu nzima peke yake. Umeimbwa zaidi kwa Kilingala, unawataja viongozi na vyama kwa majina, na redio iliupeleka nje ya mipaka ya Kongo kabla uhuru wenyewe haujafika tarehe 30 Juni. Ukiusikiliza kwa makini unasikia umoja ambao haukudumu hata mwaka: watu waliotajwa ubeti mmoja walikuja kuwa mahasimu wa kufa na kupona.

Ikiwa Kongo, iliyotembelewa na kamera za dunia nzima, imepunjwa hivyo, Tanzania Bara iko mbali zaidi. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kenya ilikuwa na yake tangu mwaka 1962. Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini, na hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana redio ilifika vijijini ambako umeme haukufika. Lakini kwa historia ya muziki matokeo yake ni makubwa: karibu enzi yote ya muziki wa dansi, tangu uhuru mpaka mageuzi ya miaka ya 1990, ilipita bila kamera kuwekwa mbele ya jukwaa kwa ukawaida. Filamu zilikuwapo, tena zamani. Mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika wenye makao Vugiri, Usambara, na mwaka 1952 Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa baadaye, aliigiza katika Muhogo Mchungu. Filamu hizo zilikusudiwa kumfundisha mtazamaji namna ya kuishi. Dansi lilikuwa pambo pembeni mwa somo.

Kilichokuwapo badala ya kamera ni studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, barabara ya Pugu. Bendi ziliitwa, zikapanga vyombo, zikapiga wimbo kwa mkupuo mmoja, mwimbaji na magitaa na tarumbeta pamoja, na kanda ikaingia maktaba. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri katika miaka ile, na aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikawa finyu. Kwa hiyo kanda ya redio ndiyo iliyobeba karibu kila kitu. Na bendi zenyewe hazikufanana na zile za Kinshasa au Nairobi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadili jina, ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa na Magereza vilevile, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, na Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978 ikaja kumilikiwa na shirika la maendeleo la mji, DDC. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alilipwa mshahara kama karani au fundi mitambo. Mlimani Park ikachukua jina la ngoma ya Wazaramo, Sikinde, kuwa mtindo wake, na mashabiki wakagawanyika Sikinde na Msondo kama wanavyogawanyika Simba na Yanga. Muziki wa mjini wa watu wa mshahara, umefadhiliwa na dola ya kijamaa lakini umeimba wivu, mirathi, ulevi na mume asiyerudi nyumbani: ni vigumu kuona mahali pengine katika eneo letu ambapo sanaa ya starehe na utumishi wa umma viliingiliana kwa kiasi hicho. Historia hiyo inastahili filamu bora kuliko masalia ya tamasha moja la kigeni.

Atakayepinga atasema filamu ni sanaa ya picha, na asiye na picha afanye kipindi cha redio. Pingamizi hili lina nguvu kuliko linavyosikika mwanzoni, maana mtazamaji akitazama picha moja mnato kwa dakika tatu huchoka. Lakini linadhani kwamba kazi ya picha katika filamu ya historia ni kuthibitisha tu kwamba jambo lilitokea. Mfikirie Siti binti Saad, aliyesafiri Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na kufariki mwaka 1950. Tunamjua kwa santuri hizo na kwa wasifu aliouandika Shaaban Robert. Wimbo wake unaojulikana kwa jina la Kijiti unahusu mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa Unguja. Muuaji akatoroka, na wanawake waliokuwa mashahidi wakaishia kuadhibiwa wao. Kamera isingeweza kuingia katika mahakama ile ya kikoloni. Wimbo uliingia, ukatoka na hukumu yake juu ya hakimu, na watu wakaukariri. Mtengenezaji filamu mwenye subira anaweza kuandika maneno ya wimbo kwenye skrini, akaonyesha uso wa mtu anayeusikiliza leo, akapita katika mitaa ya Ng'ambo ulikoimbwa, na akawa ameonyesha kitu ambacho mkanda wa mwaka 1928, kama ungekuwapo, usingekionyesha. Grimonprez mwenyewe amejaza skrini kwa maandishi, na watu wamekaa saa mbili na nusu kuyasoma.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Redio nayo ilikuwa ya dola. Wimbo ulipitiwa kabla ya kurushwa, na bendi iliyolishwa na chama haikuweza kukitukana chama. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nyimbo za kulisifu zilimiminika, na wakati wa vita vya Kagera nyimbo za vita zilifanya kazi iliyokusudiwa. Je, si kweli kwamba tunakataa kamera ya mgeni ili tukaamini maikrofoni ya serikali? Ni kweli kwamba kanda zile haziwezi kuaminiwa kwa kusikilizwa mara moja. Zinapaswa kupangwa pamoja. Bendi ileile iliyolisifu Azimio iliimba pia juu ya mtu aliyefukuzwa nyumbani kwa kukosa kodi, na katika wimbo wa pili unasikia yale ambayo wa kwanza haukuweza kuyasema. Kinshasa ilikuwa hivyohivyo: Franco alifungwa mwaka 1978 kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu, na mwaka 1984 akaimba kumpigia debe Mobutu. Filamu itakayoonyesha moja tu kati ya hayo mawili itakuwa imemdanganya mtazamaji, hata kama kila picha yake ni ya kweli. Kanda zinatofautiana na mkanda wa Gast kwa jambo jingine: zilirekodi bendi za Morogoro, Tabora na Tanga pamoja na za Dar es Salaam, mwaka baada ya mwaka, zikilenga wasikilizaji walioielewa lugha. Upendeleo wake unaweza kupimwa kwa sababu mfululizo wake ni mrefu.

Yaliyokwisha kufanyika yanatia moyo, ingawa yameelekea upande mmoja. As Old as My Tongue ya Andy Jones, mwaka 2006, ilimkuta Bi Kidude akiwa hai na mwenye ulimi mkali, na baada ya kifo chake Aprili 2013 filamu hiyo imekuwa hazina. Poetry in Motion ya Ron Mulvihill, mwaka 2016, inahusu Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905. Kwa upande wa dansi, Wahenga ya Amil Shivji na Rebecca Corey, mwaka 2018, iliwafuata wanamuziki wa zilipendwa Dar es Salaam. Zote zinawategemea walio hai, na hilo ni sahihi, kwani mzee anayeshika gitaa huonyesha kwa vidole mambo ambayo hakuna kanda itakayoyaeleza. Lakini kumbukumbu ya mzee hulainisha. Ugomvi wa mishahara, wapigaji waliohamishwa bendi nzima kwa nzima usiku mmoja, nyimbo zilizokataliwa na redio, hukumbukwa kwa kicheko baada ya miaka 40. Kanda haijacheka. Anayezungumza na mzee akiwa na kanda mkononi, akaicheza mbele yake na kumwomba aeleze kwa nini ubeti wa tatu ulibadilika, atapata jibu tofauti kabisa na la anayemwomba asimulie enzi zake.

Nafasi hiyo inapungua. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa NUTA Jazz tangu mwanzo na baadaye mmoja wa waasisi wa Mlimani Park, alifariki Aprili 2014. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyeifanya Dar es Salaam kuwa kwao, alitangulia mwaka 2010. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda pamoja na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka mwaka 1970, alikufa kwa ajali ya gari Kenya Januari 1979, miaka 15 kabla televisheni haijafika Bara. Na Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, sauti ya Safari Trippers na ya Dar International, alifariki Machi 1995, televisheni ikiwa haijatimiza hata miaka miwili nchini kwake. Yeyote atakayetengeneza filamu juu yake ataanza na sauti, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya jukwaani atabaki nayo: kijana wa miaka ishirini na kitu amesimama mbele ya maikrofoni ya barabara ya Pugu, bendi imeingia pamoja, na hakuna aliyepiga picha.