Dume Aitwaye Pamba

Ng'ombe ni mnyama afugwaye nyumbani. Ana miguu minne, macho mawili na mkia mmoja. Hutupatia nyama, maziwa na ngozi.

Mwaka 1977 nilisahihisha maneno hayo mara sabini na tatu kwa usiku mmoja, kwa mwanga wa kibatari, katika shule ya matofali ya udongo nje ya uzio wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Madaftari sabini na tatu, ng'ombe yuleyule. Na walioandika walikuwa watoto wa Kisukuma, wanaomjua kila dume wa zizi lao kwa jina, kwa rangi na kwa mkao wa pembe, na akipotea gizani humtambua kwa mlio. Yote hayo waliyaacha mlangoni pamoja na fimbo zao za kuchungia.

Kosa halikuwa lao. Mimi ndiye niliyewaandikia ubaoni utangulizi, kiini na hitimisho, kama nami nilivyoandikiwa.

Nilikuwa mwalimu wa UPE, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Walimu wa kutosha hawakuwepo. Tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba juzi tu. Tulifundisha huku tukifundishwa, kwenye vituo vya kata, kwa vipindi vya redio na kwa masomo ya posta, miaka mitatu mfululizo. Wapo wanaotubeza hadi leo. Bila sisi, watoto wale wangebaki machungani.

Ndani ya uzio maisha yalikuwa mengine. Dakta Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na mpaka anafariki mwaka 1958 alikuwa amejenga mji kamili wenye hospitali na shule yake. Sisi wa Maganzo, nje ya uzio, tuliuona usiku kwa taa zake.

Aliyenizindua kuhusu insha zile ni mvulana wa darasa la nne, mchunga ng'ombe, aliyekuwa akifika amechelewa na miguu imejaa umande. Daftari lake lilikuwa la sabini na nne, nililiacha la mwisho kwa sababu ya mwandiko. Aliandika: "Dume letu anaitwa Pamba kwa sababu baba alimnunua mwaka ule pamba ilipokubali. Kabla ya kunywa maji anaangaria kwanza mashaliki, kama anamngoja mtu."

Nikatia wino mwekundu kwenye "anaangaria", nikatia kwenye "mashaliki", nikampa tano kwa kumi. Kisukuma hakina sauti ya r. Mtoto huijua herufi hiyo kwa macho kabla ulimi haujaizoea, basi huipachika isipotakiwa na kuiacha inapotakiwa. Kosa hilo hurekebika taratibu. Kesho yake akanifuata chini ya mti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, lakini Pamba umemsoma?"

Sikuwa nimemsoma. Nilikuwa nimehesabu herufi.

Jioni, katika darasa lilelile, nilifundisha kisomo cha watu wazima. Kanda yetu ya Ziwa ilikuwa imetangulia katika mambo hayo, maana mradi wa kisomo chenye manufaa ulianzia Mwanza na mikoa jirani mwaka 1968, na tangu 1974 Mwanza ilikuwa ikitoa gazeti la vijijini, *Elimu Haina Mwisho*, ili waliojua kusoma wasisahau. Wazee waliligombania. Nikajiuliza, watoto je, gazeti lao liko wapi?

Tukaanza la ukutani. Karatasi ilikuwa ile safi ya ndani ya mifuko ya saruji, iliyopanguswa vumbi na kunyooshwa kwa mawe usiku kucha. Gundi ilikuwa uji wa muhogo. Kila Ijumaa watoto watano walisimama kusoma walichoandika, wenzao wakauliza: alikuwa na umri gani? Ulijuaje kwamba anaogopa? Mwandishi akarudi kuongeza. Kalamu nyekundu ilikuja mwisho, Jumatatu, kabla ya kubandika. Ndani ya muhula mmoja ng'ombe wa miguu minne alikufa katika shule ile, wakazaliwa ng'ombe wengi wenye majina.

Baadaye sana nilisoma kwamba mwalimu Freinet wa Ufaransa aliwapa wanafunzi wake mashine ya kuchapa hadithi zao tangu miaka ya 1920, na kwamba hata zamani za Wajerumani gazeti la *Kiongozi* lilichapwa katika shule ya Tanga. Nilifurahi kama mtu aliyekuta ndugu ugenini.

Lipo lililonifundisha zaidi. Msichana mmoja aliandika kuhusu baba yake anayetoka usiku na kiroba kwenda kwenye mchanga wa almasi, na mama asiyelala mpaka asikie mlango ukikwaruzwa. Wanaochimba hivyo bila ruhusa, Mwadui huitwa wabeshi. Ilikuwa insha bora kuliko zote nilizopata kusoma, na darasani walikuwemo watoto wa walinzi wa mgodi. Nilimwita pembeni, nikamwambia ni nzuri na kwa nini nina hofu. Akafikiri, akalikunja daftari. Tangu siku hiyo tukawa na kanuni kwamba la kubandikwa huamua mwandishi mwenyewe, na lililobaki daftarini halitoki kinywani mwa mwalimu.

Vita ya Kagera ilipoisha mwaka 1979, madaftari na kalamu vikawa adimu. Mwaka uliofuata nilihamishwa, na gazeti likafa.

Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, na utungaji wake ulikuwa kupanga sentensi zilizochanganywa, kisha kusiliba herufi. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, wa darasa la kwanza na la pili, na nimeona kwa macho yangu wajukuu wakisoma mapema kuliko wanafunzi wangu. Naushukuru. Ila kuandika kulikofundishwa pale kulikuwa kwa mkono: kuumba herufi, kunakili, imla. Kutunga kulingoja, na wengi walifika darasa la saba bado kunangoja.

Walimu wa Kishapu, wilaya ilipo Mwadui leo, mifuko ya saruji bado ipo na mihogo ipo. Anzeni Ijumaa hii. Na kabla ya kufungua kalamu nyekundu, muulizeni mtoto dume wao anaitwa nani.