Programu huria si programu ya bwerere

Juzi mwanafunzi wangu alinikabidhi insha ambamo 'open source' imetafsiriwa kuwa "programu za bure". Nilipomkosoa akaniuliza: "Kwani Mwalimu, si hatulipi?" Swali lake si la kipuuzi. Utata huohuo ndio uliochangia kuzaliwa kwa istilahi yenyewe.

Mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU. Alitaka programu ambazo mtumiaji ana haki ya kuchunguza msimbo wake, kuubadilisha na kuwagawia wenzake. Shida ni kuwa alitumia neno 'free', ambalo kwa Kiingereza hubeba maana mbili: kuwa huru na kutolipiwa. Wengi wakasikia bei, wasisikie haki.

Mnamo Februari 1998, kampuni ya Netscape ilikuwa imetoka tu kutangaza kwamba ingetoa hadharani msimbo wa kivinjari chake. Katika mkutano mjini Palo Alto, California, jina 'open source', alilolibuni Christine Peterson, likakubaliwa. Lilikwepa utata huo na kuwatoa wafanyabiashara wasiwasi. Stallman hakuridhika, kwake, jina jipya lilificha suala la uhuru.

Hebu sasa turudi kwetu. Kiswahili hakina utata huo. 'Bure' ni neno moja, 'huru' na 'huria' ni mengine. Mbona basi wapo wanaotafsiri 'chanzo wazi', kana kwamba tunameza dawa ya maradhi ya jirani? Isitoshe, 'wazi' hudokeza kuingia na kutazama tu. Duka kuwa wazi si ruhusa ya kubeba bidhaa.

Mimi naegemea 'programu huria'. Neno hili tumelizoea katika 'soko huria' na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kimewafungulia wengi milango, lakini karo inalipwa!

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Leseni iliwaruhusu wataalamu hao kuibadilisha kazi ya wengine. Ingekuwa ya bwerere tu, bila ruhusa hiyo, tungeitumia hivyohivyo kwa Kiingereza, tushukuru na kunyamaza.

Hilo ndilo nililomjibu mwanafunzi wangu: kutolipa ni nafuu ya mfuko, uhuria ni haki ya kuitia programu lugha yako.