Pindo la Shuka na Ulinzi wa Viwanda

Mwaka 1968 Kiwanda cha Urafiki kilianza kazi Dar es Salaam ili pamba yetu ifumwe nyumbani. Kukijenga tuliweza, kukilinda ni mapambano mengine, na sehemu yake hupiganwa forodhani. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaotumika tangu 1988, huweka vitambaa vya pamba katika Sura ya 52, na mashuka katika namba 6302. Kinachotenganisha ni pindo: kipande cha mstatili kilichokatwa tu ni kitambaa, kikipindwa na kushonwa ni shuka. Mwaka 2005 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyatoza mashuka ya pamba ushuru wa 50%, wakati bidhaa nyingi zilizokamilika zilitozwa 25%. Kwa hiyo tunasema: anayeandikisha shuka kwa jina la kitambaa anamnyang'anya mfanyakazi kinga yake.