Asiyekuwepo na Lake Halipo

Somo la utawala wa afya duniani, lifundishwapo katika vyuo vikuu, aghalabu huanzia Paris. Mwezi Julai 1851 wajumbe wa dola 12, kila dola kwa daktari mmoja na mwanadiplomasia mmoja, walikutana huko kuzungumzia karantini. Kipindupindu kilikuwa kikisafiri pamoja na bidhaa, na kila bandari ilikuwa na sheria zake. Miezi sita ikapita, wakaagana bila ya mkataba wa kuwafunga wote, kwani hata madaktari wenyewe hawakuafikiana iwapo maradhi hayo huambukiza. Hata hivyo, hapo ndipo ulipoanza mlolongo wa mikutano ambao mrithi wake, mwaka 1948, alikuwa Shirika la Afya Duniani.

Lakini somo hilo lina ukurasa mwingine, nao uliandikiwa Unguja.

Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia kisiwani na kuua watu wengi mno. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akitibu mjini, alitaka kujua kilikotoka. Desturi ya wakuu wa karantini ilikuwa kuitazama bahari na kuvishuku vyombo. Christie aliwauliza watu wa misafara ya bara. Kwa simulizi zao akaifuata njia ya maradhi: kutoka upande wa Bahari ya Sham hadi Habeshi, ikapita nchi ya Wamasai, ikashuka Pangani, ndipo ikavuka maji. Yote hayo aliyatia katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1876.

Machozi hayajakauka, mwaka 1870 ikazuka homa ya kuvunja viungo. Wenyeji waliiita kidinga pepo, na wazee wakakumbuka kuwa iliwahi kuwafika zamani, yapata nusu karne nyuma. Christie aliiandikia makala katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1872, akaiita kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Baadaye alidai kuwa neno «dengue», litumiwalo leo ulimwenguni kote, limechipuka humo. Wanaisimu wangali wakibishana.

Basi kumbukumbu za wazee na habari za wapagazi ziligeuka elimu, ilhali wenyewe hawakuwa na kiti katika mkutano wowote wa karantini. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika 2007, zimeliruhusu Shirika la Afya Duniani kupokea habari za mlipuko hata zisipotoka serikalini, mradi liihoji serikali husika. Tangu Paris imepita miaka 154 hadi mlango huo kuandikwa. Mwalimu aanziaye Paris hajakosea. Ila akiishia huko, wanafunzi wake watawajua waliokaa mezani, wasiwajue waliouona ugonjwa ukija.