Nishani ya Fritz na Nyundo ya Mturi

Mwaka 1902 wahandisi wa Marekani walianzisha nishani ya dhahabu kwa jina la John Fritz, mhandisi wa chuma aliyekuwa mzee wa miaka 80, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuipokea. Mwaka huohuo Waingereza walijenga ngome Nyeri, katika Kenya ya leo. Huko Othaya na vilima vya jirani, aturi, wahunzi wa Kikuyu, walikuwa bado wanafua chuma na kuheshimiwa na vijiji vyao. Fritz naye alianzia uhunzi akiwa kijana wa miaka 16. Heshima zote mbili basi zilimwendea mtu wa nyundo.

Fritz alituzwa kwa kazi iliyoonekana. Mwaka 1857, kiwandani Johnstown, alisimamisha mtambo wa rola tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine: chuma cha reli kilipita chini kikienda, kikarudi kwa juu kabla hakijapoa. Wakuu wake walikuwa na shaka, naye akashikilia. Waliofuata kupewa nishani ni Kelvin mwaka 1905, Westinghouse 1906, Bell 1907 na Edison 1908. Vyama vikubwa vinne vya wahandisi ndivyo vilivyoamua nani anastahili.

Mturi hakungoja uzee ili aheshimiwe. Mchanga wenye chuma ulioshwa mitoni, ukayeyushwa kwa makaa huku mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipuliza. Hapo ulitoka mkuki wa kijana na simi ya mlinzi wa boma. Malipo yalikuwa mbuzi, na laana ya mturi iliogopwa mno hata watu wakaona afadhali wasimdhulumu. Kijiji kizima kilimheshimu kila siku, kwa sababu kilimhitaji kila siku.

Lakini heshima hiyo ilikaa katika haja. Majembe na visu vya madukani vilipofika, haja ikapungua, na majina ya mabingwa yakazikwa nao. Nishani huchelewa, na huwafikia wachache; ila Fritz alifariki mwaka 1913 na jina lake bado linatajwa.

Ndiyo maana naona tuchukue yote mawili. Fundi wa jua kali anayechomelea geti Othaya alipwe vizuri angali na nguvu, na jina lake, pamoja na alichobuni, liandikwe mahali ambapo mwanafunzi wa ufundi atalisoma. Ufundi usio na kumbukumbu humlazimu kila kijana kuanza upya.